Taa Wenu Ananivunjia Nyumba

Kwa Mkuu wa Shule ya Uzamiaji,

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkavu. Mimi ni fundi wa friji. Mwanafunzi wenu wa mwezi jana, yule mkunga mstaafu aliyefundishwa kupumua taratibu akajibu kuwa hayo ameshawaambia wanawake nusu ya mji huu, ni mama mkwe wangu. Tunaishi naye.

Tulimleta kwenu kwa nia njema, apunge upepo. Mke wangu aliponiambia mama anakwenda kutazama taa, nilisema taa hapa nyumbani zipo, hata ya msalani inawaka. Kumbe ni samaki, mpana kama mlango wa gereji, anaruka majini kama ndege! Tangu siku hiyo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemfundisha mama kusema kwa mikono. Wiki iliyopita mteja alikuja kuchukua friji yake, akaona inagandisha barafu, akaninyooshea dole gumba. Kwenu ishara hiyo ni "twende juu". Mama akamshika mkono, akampandisha ngazi. Nilimkuta mteja chumbani kwangu, ameketi ukingoni mwa kitanda kwa adabu, anasubiri maelekezo.

2. Mmemwambia kuwa mtu haendi popote bila mwenzake. Mwenzake ni mimi. Nikiingia msalani, hubisha hodi kila baada ya muda, nami sharti nipitishe mkono chini ya mlango, vidole viwili vimeunda duara, kuthibitisha kuwa ni salama. Nisipofanya hivyo huja kuniokoa.

3. Sasa taa mwenyewe. Mama anasimulia kwamba pale kwenye matumbawe alimwona ameelea kimya, visamaki vinamsafisha hadi mashavuni, wala hagombi. "Na wewe, baba, kuoga tu mpaka uimbiwe!" Tena anasema mwili wote ule unashiba vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tangu aliposema hayo, na mimi chakula anachonipakulia sahanini sikioni vizuri.

4. Picha ya harusi yetu imeondolewa sebuleni, ametundikwa taa. Shangazi wa mke wangu alipokuja aliuliza huyo ni nani. Mama akajibu, "Angekuwa mkwe wangu, nisingekuwa na presha." Mke wangu alicheka, Ndugu Mkuu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba taa huyo aitwe na kuonywa. Sisemi afukuzwe baharini, nami nina utu. Ila mama atakaporudi, aonyeshe walau kasoro moja: achelewe, acheue, au ampite mtu mzima bila salamu. Ikishindikana, nitaomba shule yenu imchukue rasmi mama kama mwenyeji wa matumbawe, na nguo zake nitazileta mwenyewe.

Nisalimie walimu wote, nahodha wa boti, na yule dada wa mapokezi aliyemwambia mama kuwa bado ni msichana. Huyo naye nina neno naye.

Ni mimi, mkwe halali na wa pekee,
Fundi Friji

Nyongeza: Nilipoileta barua hii Jumamosi, mama alinifuata. Ofisi ilikuwa imefungwa, boti iko tayari, na kabla sijajieleza nilikuwa nimevalishwa nguo ya mpira na kubebeshwa mtungi. Kule chini taa akaja, akatupita juu ya vichwa polepole, tumbo jeupe, hana haraka na mtu. Nikasahau kupumua. Mama akanizaba kofi la mgongo, kama alivyowazaba watoto wachanga, hewa ikaingia. Tulibaki pale tumeshikana mikono mpaka mwalimu akatulazimisha kupanda.

Msimwonye taa. Hana kosa. Tuwekeeni nafasi mbili Jumamosi ijayo, na mke wangu akipiga simu msimwambie. Yeye anadhani tumekuja kugombana.