Grafiki ya Robine

Jumatatu, 6 Oktoba
Masomo yangu ya sayansi ya data kwenye mtandao yanakwisha. Umebaki mtihani tu, unafungwa Jumapili saa sita mchana. Shida: simu ni ya Mama. Leo ametoa sheria. Maji yasipofika nyumbani kabla hajatoka saa moja asubuhi, simu inatoka naye. Imetoka! Nilikuwa wa mwisho kwenye robine, bomba la maji la mtaa. Lucien, jirani yetu na wa kwanza darasani (ananipita pointi mbili tu), alikuwa amejaza zamani. Aliniuliza kama kompyuta inachota maji.
Takwimu zitamjibu.

Jumanne, 7 Oktoba
Kuuliza watu kunanitoa jasho. Nimehesabu bidoni, madumu ya maji yaliyopangwa foleni, kupitia dirisha. Saa kumi na moja: kumi na tisa. Saa kumi na mbili na robo: tatu! Nimechora grafiki ya nguzo, rangi ya buluu. Inapendeza mno. Maji sikuchota. Sayansi inadai sadaka.

Jumatano, 8 Oktoba
Saa kumi na mbili na robo. Bidoni tatu mbele yangu. Nilitabasamu peke yangu. Mama Emerance, mlinzi wa robine, akaita majina. Nyuma ya kila bidoni ikatokea familia nzima na bidoni kumi! Kumbe bidoni moja inashika nafasi ya nyumba nzima. Mtaa wote unajua. Mama Emerance alicheka hadi akaketi. “Weye mutoto wa Hélène, unaishi hapa ao unatembeleaka tu?”
Simu imetoka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimehesabu upya: nyumba, si bidoni. Saa kumi na mbili kasorobo kuna nyumba moja tu. Ya Lucien! Ndiyo siri yake, na anajiita mwerevu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimejaza bidoni nne kwa dakika kumi! Lucien alinuna. Simu mkononi, nimerudia masomo yote. Somo la tano linasema matokeo yaliyofichwa hayamsaidii mtu. Kweli kabisa. Kuongea na watu siwezi, basi nimebandika grafiki ukutani pa robine. Kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Saa kumi na mbili kasorobo mtaa mzima ulikuwa robineni. Mzima! Walinishukuru. Nilikuwa nyumba ya thelathini na moja. Simu imetoka, na mtihani ni kesho.

Jumapili, 12 Oktoba
Nilikata tamaa, nikaenda nimechelewa, saa kumi na mbili na nusu. Hakuna mtu! Wote walikuja kasorobo, wakagombana, wakaondoka. Nimejaza bidoni sita. Nimepata simu. Nimefaulu mtihani, asilimia tisini na moja!
Ila nawahurumia wale wanaosukumana bure saa ile. Nimewachorea grafiki mpya ya saa kumi na mbili na nusu, safari hii ya kijani. Lucien ameniomba, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, nisimwonyeshe mtu. Wivu! Nimebandika nakala nne, moja mlangoni pa kanisa.