Yule Mama Mwenye Nyumba Nimemmaliza Juzi

Leo aibu imenifuata mpaka nyumbani, saa tatu asubuhi, nikiwa na jembe mkononi. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani kwetu Lizaboni, maana huko nimeshakuwa muuaji na kesi imeshasikilizwa.

Mnaonifahamu mnajua nimepanga kwa Mama Skola. Mjane, mkali kidogo, kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisani. Tunaishi wawili tu pale, yeye nyumba kubwa, mimi chumba cha uani. Mnajua pia ugonjwa wangu wa magemu. (Nina miaka ishirini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiyo, nacheza magemu. Endeleeni kusoma.)

Wiki hii nimezama kwenye gemu moja la majambazi. Unaanza kama kibaka wa stendi, unapanda cheo kwenye genge mpaka mji mzima unakuogopa. Kila mtaa una bosi wake. Bosi wa mtaa niliokuwa napigania ni mwanamke anayemiliki majengo yote ya pale, kwa hiyo mimi na rafiki yangu Zuhura tukampa jina la mama mwenye nyumba. Jina tu. Hatukuwa na nia mbaya na mtu.

Asubuhi niko nyuma ya jiko nachimba shimo la parachichi. Zuhura akapiga kutoka Nakapanya. Kapata laptopu, anataka kujua kama gemu lile linafaa. Nikaweka laudi spika, nikaiegemeza simu kwenye ndoo, nikaendelea kuchimba.

"Nipe uzuri wake na ubaya wake," akasema.

"Uzuri, uko huru. Ukichoka kazi za genge unachukua gari unaondoka zako. Mji umejaa watu na kila mtu ana shughuli yake. Halafu wanakukumbuka. Uliyempiga jana, leo akikuona anavuka barabara."

"Na ubaya?"

"Polisi wazembe. Unaua mtu mchana, unajibanza uchochoroni dakika mbili, wameshasahau."

"Wallahi? Na yule mama mwenye nyumba?"

"Nimemmaliza juzi." Nikapiga jembe. "Tatizo mwili. Leo siku ya tatu, uko palepale sebuleni. Nimejaribu kuuburuta, umenasa mlangoni."

(Wachezaji mnaelewa. Ni kasoro ya gemu. Maiti zinatakiwa kupotea zenyewe.)

"Sasa utafanyaje?"

"Nitazoea. Nyumba zote sasa ni zangu."

Tukacheka sana. Upande wa pili wa uzio alikuwepo jirani yetu, Mama Festo, anaanika mahindi. Yeye hakucheka.

Nisichokijua ni kwamba alfajiri ya leo jumuiya iliposali kwa Mama Festo, Mama Skola hakutokea. Mama Skola hajawahi kukosa, hata mwaka ule alipovunjika mkono. Wamepiga simu, haipatikani. Wametuma mtu, mlango una kufuli. (Mimi kusali sikwenda. Niliaga kwamba kichwa kinauma.) Wanajumuiya walikuwa bado wako kwa Mama Festo wanakunywa chai, wanajiuliza, ndipo yeye akaingia ndani akawaambia alichosikia.

Haikupita nusu saa, geti likafunguliwa.

Mbele mwenyekiti wa mtaa. Nyuma yake mgambo na fimbo yake. Nyuma ya mgambo jumuiya nzima, wengine rozari bado ziko mkononi.

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna aliyeitikia. Songea hii, unaamkia watu wazima hawaitikii?

"Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, "Mama Skola yuko wapi?"

"Sijui, baba. Sijamwona tangu juzi."

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Hilo shimo la nini?"

"La parachichi."

"Mche uko wapi?"

"Bado sijanunua."

Nilivyosikia jibu langu mwenyewe, hata mimi sikuliamini. Mgambo akashusha fimbo shimoni, akapima urefu, akapima upana. Halafu akamwambia mwenyekiti, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Akikunjwa anaenea."

"Weka jembe chini, mwalimu," mwenyekiti akasema.

Nikaliweka. Hapo bado sikuelewa kitu. Nilichojua ni kwamba watu ninaopeana nao amani kila Jumapili wamesimama wameniziba njia ya kutokea.

"Mama Festo, rudia ulichokisikia."

Mama Festo akarudia. Hakuacha neno. Nimemmaliza juzi, mwili uko sebuleni, umenasa mlangoni, nyumba zote zangu. Alikuwa analia. Tena alilia kwa uchungu wa kweli, siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ningelia pia.

Hapo ndipo nikaelewa, na nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nikacheka.

"Anacheka," mtu akanong'ona.

"Jamani, ni gemu! Gemu la kwenye kompyuta!"

"Gemu la kuua wenye nyumba?" mwenyekiti akauliza.

"Siyo wenye nyumba wote. Ni huyu mmoja."

Halikusaidia. Nyuma mtu akaanzisha Salamu Maria, wengine wakaitikia. Mgambo akanishika mkono juu ya kiwiko, na alinishika kweli. Nikawaza kazi yangu. Nikamwaza mama yangu atakavyopigiwa simu. Halafu nikawaza jambo ambalo nilitakiwa niliwaze mapema: kama mimi sijamuua, Mama Skola yuko wapi? Mama mtu mzima, siku tatu, mimi niko hatua kumi kutoka mlangoni kwake, na wala sijauliza.

"Nipeni dakika tano niwaonyeshe," nikasema.

Basi jumuiya nzima ikaingia chumbani kwangu. Kitanda sijatandika. Masufuria ya jana yako chini. Nguo za ndani nimezianika kwenye kamba dirishani, na mgambo akazipita ameinamisha kichwa kwa heshima.

Umeme hakuna. Laptopu imebaki na chaji asilimia sita, na gemu lile ni zito, likagoma kufunguka. Mwenyekiti akaangalia saa. Nikakumbuka kwamba huwa nikicheza najirekodi ili nimtumie Zuhura. Video ya juzi ipo. Nikaifungua.

Kweli, ikaonekana sebule ya kwenye gemu, bastola, na yule bosi chini kwenye zulia. Watu wakasogea. Mgambo akaniachia mkono. Mwenyekiti akashusha pumzi akasema, "Kumbe ni katuni."

Nikasahau kwamba kwenye kona ya video kuna kidirisha kinachonionyesha mimi mwenyewe.

Mle kidirishani nilikuwa nimefunga nywele kwa soksi, nimevaa hedifoni. Nikasimama juu ya kitanda, na kanga yangu moja, nikaanza kukata kiuno huku naimba wimbo niliotunga hapo hapo: nyumba yangu, bomba langu, choo changu, mama nenda salama.

"Choo cha nani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Wote tukageuka. Mama Skola, kapu mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Mama Festo akamrukia akamkumbatia, wengine wakaanza vigelegele, na yeye katikati anauliza, "Kuna nini? Nani kafa?"

Wakati wanamweleza, mimi nahangaika kuizima ile video, haizimiki. Mmoja mmoja wakarudisha macho kwenye kioo.

Kwenye kile kidirisha, nyuma ya bega langu, mlango ulikuwa umefunguliwa. Mama Skola alikuwa amesimama pale, juzi jioni, anazungumza nami. Sauti yake ilisikika vizuri kabisa.

"Mwanangu, dada yangu wa Lusewa kaanguka. Naondoka asubuhi na mapema. Simu yangu ni mbovu, uwaambie jumuiya wamwombee."

Na mimi, bila kugeuza shingo, vidole vinaburuta maiti kuelekea mlangoni, nikajibu, "Sawa mama, safari njema."

Laptopu ikazima. Ingezima dakika moja mapema ningeishukuru mpaka kufa.

Macho yote yakanigeukia. Ile kuniona muuaji ilikuwa na afadhali, maana muuaji walikuwa wanamwogopa.

"Dada anaendeleaje, mama?" nikauliza.

"Hajambo sasa," Mama Skola akasema. "Asante kwa kuuliza leo."

Nikapiga magoti palepale kati ya masufuria, nikaomba radhi. Kwake kwanza, halafu kwa Mama Festo. Mama Skola akaniangalia. Nikaona mdomo wake unacheza upande mmoja, akageuka haraka ili nisione.

"Jumamosi ijayo tunasali humu," akatangaza. "Atandike."

Mwenyekiti akaagiza shimo lifukiwe. Wakatoka. Mgambo akabaki nyuma, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaniuliza kwa upole kama gemu lile linaingia kwenye simu.

Basi ndiyo hivyo. Jumatatu nina kipindi cha kwanza darasa la tano, na nusu ya darasa lile wazazi wao walikuwa chumbani kwangu. Kwa hiyo ninyi naomba msinicheke. Wa kunicheka nimeshapata, tena nitawasahihishia madaftari.