Mjohoro Unaoziba Bango Langu

Jumatatu, 3 Machi
Wateja ni wale wale wa benchi langu la nje, akiwemo mzee mwenye upara anayekuja kusoma gazeti langu. Wapya? Hakuna! Sababu naijua. Mjohoro ulio mbele ya saluni umetandaza matawi juu ya bango langu. Nimeandika KINYOZI BINGWA, mpita njia anaona ZI BI. Ng'ambo ya barabara yupo Mashavu, kinyozi asiye na kipaji, na bango lake linaonekana hadi mbinguni.

Nimeomba ofisi ya mtaa kibali cha kuukata. Karani kasema mti ni wa wote. Wa wote! Na bango je, ni la nani?

Alhamisi, 6 Machi
Hila imepatikana. Chumvi! Ndoo ya maji ya chumvi shinani kila alfajiri, kimya kimya. Mti utajifia wenyewe, nami nitahudhuria matanga.

Jumapili, 9 Machi
Nyumbani hakukaliki. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi, amelalamika maharage hayana chumvi. Mke wangu ameapa alinunua pakiti nzima. Wote wakanitazama. Nikasema huenda ni panya. Mama mkwe akauliza ni panya gani huyo asiyegusa unga wala sukari.

Jumatano, 12 Machi
Nimeonwa! Fundi cherehani wa jirani amekuwa akinichungulia dirishani kila alfajiri, nikiwa na ndoo mkononi. Nikajua nimekwisha. Kumbe amewatangazia watu kwamba naumwagilia mti! Jioni mtaa mzima umekusanyika. Mwenyekiti kasema vijana waige mfano wangu, nikateuliwa Mlezi wa Mti. Mama mkwe kafuta machozi, kasema kumbe binti yake hakukosea sana.

Sijawahi kupendwa hivi. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Kesho pakiti mbili.

Jumamosi, 22 Machi
Majani yanapukutika, bango linaonekana lote! Nimesimama barabarani kulitazama mpaka dereva wa lori akanitukana. Majirani wananipa pole kama mfiwa. Nikajikamua chozi.

Jumatano, 26 Machi
Jua! Sikujua kwamba saluni yangu inatazama jua la mchana. Linaingia mlangoni, linagonga kioo, linamrudia mteja usoni. Mmoja ametoka mbio na nusu ya ndevu. Benchi linaunguza, halikaliki. Mzee mwenye upara kabeba gazeti langu, kahamia kwa Mashavu mwenye turubai, na wenzake wote wakamfuata.

Kumbe hawakuwahi kuja kwa ajili ya kipaji changu. Walifuata kivuli, wakanyolewa kwa kuona haya kukaa bure. Nimeshinda peke yangu, nikajinyoa mwenyewe kwa kukosa kazi. Nimelia tena. Safari hii sikujikamua.

Jumapili, 30 Machi
Mama mkwe amekuja kuukagua mti. Akachimbua udongo shinani, akaonja. Akaonja! Akatema mate. Kisha akasema tu kwamba yule panya wa jikoni ametembea mbali sana.

Adhabu yangu: kuchimbua udongo wote wa juu, kuleta mpya, kisha kubeba maji ya bomba kutwa mara mbili. Mti ukifa, atausimulia mtaa mzima kuhusu panya. Mgongo umekatika, saluni tupu, mke wangu ananiita "wewe". Nimepiga magoti shinani. Pona, mti wangu, nakusihi!

Jumanne, 29 Aprili
Umepona! Umechipua kijani kibichi, kivuli kimerudi, benchi limejaa. Hata mzee mwenye upara karudi, na gazeti langu limechakaa. Mke wangu ananiita baba watoto. Mama mkwe kauliza kama nimejifunza. Nimemjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba mti huu ndio riziki yangu, na atakayeugusa atanikuta mimi.

Nimetoka nje kuutazama kwa mapenzi. Ila kuna tawi moja. Moja tu, limeanza kufunika BINGWA. Nikimwaga upande ule peke yake, mti mzima utajuaje?

Nimejifunza, lakini. Safari hii chumvi nitanunua yangu mwenyewe.