Sheria ya Chai, Kuanzia Ijumaa Iliyopita

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mimi ni mke wa mtu! Bishar wangu, karani wa mahakama ya kadhi hapa Garissa, ana macho ya kumsimamisha ngamia njiani. Lakini Alhamisi anakwenda Elwak, harusi ya binamu yake. Bila mimi! Nitakufa. Kwa hiyo nimetunga sheria: anayekunywa chai kwa watu bila kumwambia mwenzake hasafiri. Ijumaa alikunywa kwa rafiki yake Jelle. Amekwisha!

Jumanne, 4 Novemba
Nimemsomea hukumu akila anjera. Alicheka akapaliwa. Akasema sheria imezaliwa jana, chai ni ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu mwenyewe haadhibu watu kabla ya kuwapelekea mtume, na Katiba haimtii mtu hatiani kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Dini na serikali, zote upande wake! Halafu akanibusu kwenye paji la uso. Kushindwa namna hii, raha tupu. Nikaitangaza upya mbele ya mama mkwe, Hooyo Shamso. Inaanza sasa! Hooyo akasema amesikia vizuri sana.

Jumatano, 5 Novemba
Bishar hakunywa chai popote. Mimi nikaenda kwa jirani Mwikali, muuguzi, kumsimulia ujanja wangu. Utamu wa hadithi! Vikombe viwili vya chai. Kugeuka: Hooyo mlangoni, kaja kuazima kinu. Akauliza kama Bishar ana habari. Astaghfirullah.

Jioni Bishar akaja na tiketi mbili za basi. Alitaka kunishtukiza. Mbili! Hooyo akasema sheria ni sheria, mwanangu, tiketi ya pili ataitumia yeye, hajaiona Elwak siku nyingi. Nililia. Bishar akaninong'oneza: Katiba hiyo hiyo inasema adhabu ikipunguzwa kabla ya hukumu, mshtakiwa hupewa iliyo nyepesi. Na mtunga sheria ni nani? Mimi! Nikaipunguza pale pale: mkosaji amkande Hooyo miguu. Hooyo akafikiri, akanyoosha mguu wa kwanza.

Jumamosi, 8 Novemba, Elwak
Harusi nzuri mno! Bishar kapendeza, nusura nizimie. Kisha shangazi yake, akidhani nitacheka, akaniambia Bishar alipokuwa kidato cha pili alimpelekea msichana aitwaye Muslimo maziwa ya ngamia. Kila asubuhi! Bishar anajitetea kwamba hakunijua wakati huo. Hiyo nayo ni sababu?

Nimetunga sheria ya pili. Inaanza kutumika siku aliyozaliwa.