Tairi za Kumbeba Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Mgongo unauma. Nimezunguka Njoro mchana kutwa nikiuza chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe. Mfugaji mmoja tu kanunua, na huyo alinihurumia.

Nimefika nyumbani nikakuta habari. Mama mkwe amepiga simu kutoka Kuresoi. Jumamosi kuna ibada ya shukrani, ametimiza miaka sabini na tano. Msimu huu gari linaishia sokoni. Kutoka hapo ni matope hadi kwake, na matope zaidi hadi kanisani. Kwa hivyo ameamua: atabebwa na mkwe wake mmoja, kwa pikipiki kubwa. Wakwe wenye pikipiki kubwa ni wawili. Mimi, na Kihara, mfuga kuku wa kule Bahati, aliyemwoa dada mdogo wa mke wangu, Wangu. Atatutazama asubuhi hiyo, kisha achague.

Mimi nina miaka kumi na miwili kwenye ukoo huo. Kihara ana minne. Kihara anaitwa "mwanangu". Mimi naitwa "yule wa Nakuru". Si Odero. Si hata Baba Valarie. Yule wa Nakuru, kama basi. Inaniuma kuliko ninavyoonyesha.

Nimemwambia Wangu kwamba safari hii nitambeba mimi. Ameniuliza kama nimefikiria vizuri. Nimejibu kwamba nitafikiria vizuri kesho, nikishakagua tairi. Kisha akarudi kugeuza chapati zake.

Tairi ndiyo shida! Zangu ni za lami, laini, nzuri kwa barabara ya Naivasha. Kwenye kilima cha Kuresoi zitateleza kama sabuni.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Ndung'u, fundi wa tairi karibu na reli. Mtu mwenye maneno mengi na mikono miwili ya kazi. Amenifundisha kwa saa nzima, nimesimama. Kuna tairi ya lami. Kuna tairi ya meno, ya matope. Kuna hafu-hafu, inayojua lami kidogo na matope kidogo. Eti nijiulize ninaendesha wapi siku nyingi za mwaka, nijijibu kwa ukweli, kisha ninunue hiyo. Akaniuliza. Nikajijibu kwa ukweli: lami. Basi chukua hafu-hafu, akasema, hiyo itakupeleka Kuresoi pole pole na kukurudisha.

Sitaki kwenda pole pole. Nataka meno! Meno marefu ambayo mama mkwe atayaona akiwa mlangoni. Ndung'u akasema, "Boss, tairi si meno ya kucheka nayo." Nimeagiza meno, mbele na nyuma. Zitafika kesho.

Jioni nikapata wazo zuri sana. Nimempigia Kihara. Nikamwambia, kama ndugu, kwamba barabara ya Kuresoi imekwanguliwa juzi, ule udongo mwekundu wa murram umekauka, hata nduthi, zile bodaboda, zinapita kwa kasi. Asijisumbue na tairi. Kihara akanishukuru mara tatu. Akaniombea baraka. Nilihisi vibaya kwa dakika kama mbili.

Jumatano, 7 Mei

Nimeenda kuchukua tairi, nani yuko kwa Ndung'u? Kihara! Amekuja kuongeza upepo. Nikajificha nyuma ya kibanda cha mama wa maharagwe. Nilikula sahani mbili nikingoja aondoke. Hakuondoka. Ndung'u alikuwa amemkamata na somo lake.

Nikamtuma mama wa maharagwe aniletee tairi zangu kwa mlango wa nyuma. Nimezifunga mwenyewe nyumbani. Sina vyuma vya fundi, nikatumia vijiko viwili vya kupakulia vya Wangu. Vimepinda. Tyubu ya kwanza imetoboka. Ya pili imetoboka nikishangilia. Ya tatu imekubali. Saa tano za kazi! Vidole vimevimba.

Baada ya kufunga ya nyuma nimegundua ina mshale ubavuni, wa kuonyesha tairi izungukie wapi. Mshale wangu unaangalia nyuma. Nimekaa chini nikautazama. Sina nguvu ya kuifungua tena. Mshale ni ushauri tu.

Wangu ameuliza vijiko vyake. Nimesema sijui.

Alhamisi, 8 Mei

Jaribio, Nakuru hadi Njoro. Kelele! Pikipiki inanguruma kama kinu cha posho. Meno hayaipendi lami. Kwenye kona inayumba, na lami ikiwa na maji haitaki kusimama. Nilishika breki nyuma ya lori la viazi nikasimama kando ya lori la viazi. Dereva akaniuliza kama nina haraka ya kufika mbinguni. Wanafunzi wa chuo wamenipigia makofi.

Nimerudi na mabega mazito. Nikapokea simu ya shangazi yangu Truphosa. Amesikia kutoka kwa binamu, aliyesikia kutoka kwa Valarie wangu, ambaye akipewa simu humwaga yote. Shangazi hakunisalimu. Ameniuliza kama ni kweli nitambeba mama mkwe mgongoni, anikumbatie kiunoni, mbele ya kanisa zima. Ameniuliza ni Mjaluo wa aina gani huyu. Mkwe hamshiki mama mkwe hata mkono! Baba yangu alikuwa akimwona mama mkwe wake, yeye anavuka barabara. Babu yangu, mtu wa reli, aliwahi kushuka garimoshi kwa sababu mama mkwe wake amepanda.

Nikashika kichwa. Siku nne nimefikiria tairi tu!

Na ni kweli. Kwa miaka kumi na miwili sijampa mama mkwe mkono. Nasimama mbali, mikono nyuma, nainama. Akikaa sebuleni mimi nakaa nje na ng'ombe. Kwetu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kwao, Wangu ananiambia kila Krismasi, inaonekana kama majivuno. Ananiambia pia nimweleze mama tu, ni mtu wa kuelewa. Nitamweleza siku nikipata nafasi.

Lakini kujitoa sasa, Kihara ambebe? Hapana. Nife kwanza.

Ijumaa, 9 Mei

Wangu na Valarie wametangulia Kuresoi. Nyumba kimya. Nimekula ugali wa jana.

Suluhisho limepatikana! Gunia. Nitaweka gunia la viazi kati yangu na mama mkwe. Hatanigusa. Atashika gunia. Shangazi atatulia, mama atafika kanisani, Kihara atakula kuku wake kwa uchungu. Wakiuliza, nitasema ni uzito wa kufanya gurudumu la nyuma liume matope. Kwa hakika hata Ndung'u angekubali hiyo.

Mvua tena.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ndefu kuliko zote. Naandika nimelala kifudifudi.

Kihara alinipita kabla ya Molo, kwenye lami, kwa tairi zake za lami, akipunga mkono. Mimi nilikuwa natetemeka mpaka meno yangu mwenyewe. Lakini baada ya soko, matope! Nikamkuta kwenye kona ya kwanza amelala ubavu, pikipiki juu ya mguu, anaangalia mawingu. Nilitaka kusimama. Nikampungia mkono.

Nimefika kwa mama mkwe saa tatu, mtu wa kwanza. Nimeteleza mara sita tu. Alikuwa amesimama mlangoni na nguo nyeupe ya kina mama wa kanisa, kitambaa cheupe, viatu ndani ya mfuko wa plastiki. Nikainama kutoka mbali. Akatazama tairi zangu. Akatazama matope hadi kwenye nyusi zangu. Akamwambia Wangu, "Huyu ndiye atanibeba. Hata bila yeye kufika kwanza, ningemwambia huyu."

Hata bila kufika kwanza!

Nikaenda stoo yake nikaleta gunia la viazi.

Nikalifunga kwa kamba katikati ya kiti. Wangu aligeuka akaangalia mlima. Nikaeleza habari ya uzito na gurudumu kuuma. Mwendesha nduthi wa hapo, Kibii, aliyekuja na watu wawili wa kwaya, akainama kutazama tairi yangu ya nyuma. "Mzee, hii mshale inaangalia nyuma." Nikamwambia ni mtindo wa kisasa. Tairi yake yeye ilikuwa kipara kabisa, ameizungushia kamba ya katani hapa na pale, mafundo makubwa makubwa. Nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka, alikuwa anapakia mtu wa tatu.

Mama mkwe akapanda. Akashika gunia.

Tukashuka vizuri. Tukavuka daraja la mbao vizuri. Kwenye kupanda, tairi ilianza kula matope bila kuyatema. Meno yakajaa. Yakawa hayapo. Gurudumu likazunguka palepale, nikaongeza moto, likazunguka zaidi. Kamba ikakatika. Gunia likateleza nyuma, na mama mkwe akateleza nalo, polepole, kwa heshima, mpaka akakaa kwenye shimo la nyasi na maji. Viazi vikabingirika kilima chote. Huko chini Kihara alikuwa anasukuma pikipiki yake, kimoja kikampiga gotini. Akaanza kuviokota! Mtu wa namna gani huyo?

Nikaruka. Nikamfikia mama. Nikasimama hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma, nikamwuliza kama ameumia.

Akanitazama kutoka kwenye shimo. Nguo ilikuwa nyeupe kuanzia kifuani kwenda juu tu. Akasema, "Odero."

Odero! Miaka kumi na miwili!

Akasema, "Odero, hiyo gunia iache hapo. Mimi si ugonjwa."

Kwaya ilikuwa imesimama. Hata mvua ilikuwa imesimama. Nilitaka kunyoosha mkono nimwinue, mkono ukafika nusu ya njia, nikasikia sauti ya shangazi Truphosa, nikaurudisha. Kibii, aliyekuwa nyuma yetu, akashusha watu wake, akapita katikati yetu, akamshika mama makwapani, akamwinua kama mtu anayemwinua mama yake, akampandisha kwenye nduthi. Kamba za katani zikauma matope, wakaondoka. Hakuteleza hata mara moja.

Mama alikaa mbele kanisani na nguo yenye matope, akashukuru Mungu kwa miaka sabini na tano na kwa shimo lenye nyasi. Watu walicheka mpaka mchungaji. Baada ya ibada alipita akisalimu wakwe. Kihara akampa mikono yote miwili. Alipofika kwangu akanyoosha wake. Nikainama sana. Mkono ukakaa hewani, halafu akautumia kurekebisha kitambaa chake. Niliumia. Nimeumia hata sasa.

Jumapili, 11 Mei

Mwili wote. Nimerudi Nakuru kwa mwendo wa mwanakondoo. Wangu amerudi jioni, amenichemshia maji ya chumvi ya kukanda mgongo. Amesema mama hana jeraha, ana mafua kidogo. Amesema mama ameuliza kama naweza kuja mwisho wa mwezi nimpeleke kliniki ya macho Molo. Amenitaja kwa jina. Kihara angeweza, lakini amesema anataka Odero. Na amesema nikija tukae chini, ana swali la kuniuliza la tangu arusi.

Wangu akaniuliza, pole pole, kama nilimsikia mama pale kwenye shimo. Nikasema nilimsikia vizuri sana. Aliniita Odero! Wangu akaacha kunikanda. Ameniacha na maji yakipoa.

Jumatatu, 12 Mei

Sikwenda kazini. Ng'ombe wa wafugaji watalamba mawe.

Nimewaza tangu asubuhi jinsi ya kumfikisha mama mkwe Molo bila kunigusa na bila kumkosea. Gunia lilikuwa wazo la kijinga, nakubali. Mtu mzima hujifunza. Kisha saa sita hivi likanijia lenyewe! Kuna fundi kule Bahati anayechomelea vigari vya pembeni, vya kubebea mikebe ya maziwa. Unakifunga ubavuni mwa pikipiki. Mama atakaa humo peke yake, mto chini, mwavuli juu, kama malkia. Karibu nami lakini si juu yangu. Hata lile swali lake anaweza kuniuliza tukiwa njiani, na kwa kelele za tairi sitalisikia, hivyo sitalazimika kujibu. Nimempigia fundi, anaanza kesho.

Nimemweleza Wangu. Amevua aproni, amechukua Valarie, ameenda kwa jirani.

Imebaki shida moja. Kigari kina gurudumu lake, la tatu. Sasa hilo la tatu, nilivishe meno au lami? Nimemaliza daftari zima nikichora na bado sijaamua. Ndung'u hapokei simu.