Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Majini

Gatuanyaga,
Thika.

Kwa Baba Askofu,

Bwana asifiwe sana.

KUH: UBATIZO WA NZIOKI KUZUIWA NA CHEMBE ZA NANO

Mimi ni Mukonyo, mke wa Nzioki. Nimemwombea mume wangu aokoke tangu tulipooana, na magoti yangu ni mashahidi. Mwezi jana alikubali, nikalia kwa furaha. Sasa naleta malalamiko, kwa heshima zote, kwamba ubatizo wake haukushika.

Kama ujuavyo, hapa kwetu wanaume huzamishwa bwawani, nao wake zao huwangoja hemani na taulo. Nilingoja nikiimba. Nzioki akaja mkavu kama unga. Nilipomuuliza, alisema nisiwe na wasiwasi, suti yake ni ya nano.

Ikabidi niende Ruiru kwa mpwa wangu Jared, ambaye huuza vitambaa na ana diploma ya mambo hayo. Alinieleza kwamba ukiupasua unywele mmoja vipande elfu, kipande kimoja ndicho kinachokaribia udogo wa chembe hizo. Nyuzi zikipakwa chembe hizo, maji huviringika yakaanguka, kama vile kwenye jani la nduma. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani kuandika barua hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji hayakumgusa mume wangu. Pasta Ndegwa, aliyekuwa akibatiza, anasema kichwa hakikuvaa suti. Ni kweli, lakini Nzioki ana upara, na asubuhi ile aliupaka mafuta ya kukinga jua. Jared anasema mafuta mengine yana chembe za zinki, ndogo vilevile.

2. Soksi zake zina chembe za fedha, zinazoua vijidudu vya harufu. Utu wa kale wa Nzioki, nijuavyo mimi ninayefua, hukaa zaidi miguuni. Basi ulikuwa umeshaondolewa na kiwanda kabla Roho hajafika. Sasa sifa apewe nani?

3. Hajabadilika hata kidogo. Mahubiri yako ya Jumapili, Baba, yalimviringika yakaanguka chini ya benchi. Nilikuwa nimeketi karibu naye, nikaona.

4. Chembe zilizobanduka zilibaki bwawani, kwa hivyo wote waliozamishwa baada yake wamepakwa. Pasta alisimama humo tangu asubuhi, yeye ndiye amepakwa kuliko wote. Ndoa alizofungisha tangu hapo haziwezi kushika. Warigia na Njau nimeshawaambia walale nyumba mbalimbali mpaka utoe uamuzi, na Njau hanisalimii tena.

5. Wewe mwenyewe, Baba, ulimpa Pasta mkono. Sisemi zaidi.

Kwa hayo, naomba Nzioki abatizwe upya akiwa amevaa gunia, miguu mitupu, upara umesuguliwa kwa sabuni ya kipande. Kisha Pasta afuate, kisha wewe, kwa wakati utakaokufaa. Chai nitapika mimi. Usinione mkorofi, Baba. Nampenda huyu mzee. Nikifika mbinguni nisimkute, nitakaa na nani huko?

Nisalimie Mama Askofu, watoto, kwaya nzima, na dereva wako aliyetukanyagia maharagwe, nimeshamsamehe.

Nabaki muumini wako mwenye mashaka madogo,

Mukonyo, mke wa Nzioki.

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, mvua imemkuta Nzioki njiani akiwa na suti ile ile. Imelowa chepechepe hadi bitana; nimeikamua, karai likajaa. Jared ameiona kwa picha ya simu, anasema hicho ni kitambaa cha kawaida, hakijawahi kuonja nano. Kwa hivyo naziondolea chembe zote lawama. Warigia na Njau warudiane, nawe pia uko salama. Nimemuuliza Nzioki mwenyewe, ameshikwa na usingizi ghafla. Basi naomba Pasta aniambie tu jambo moja: siku ile bwawani, alipoita jina la mume wangu, ni nani aliyezama?