Matawi kwenye Kona ya Kabazi

Jumatatu, 2 Juni 1958

Kokoto kwenye mabati. Kra-ta-ta-ta, kama mtu amemwaga debe la mahindi juu ya paa la darasa. Sauti hiyo niliisikia jana mchana na mpaka sasa haijanitoka. Gari dogo jekundu lilikuja kujaribu barabara, likakata kona iliyo chini ya shule, likarusha changarawe mpaka juu kwetu, likapotea upande wa Nakuru. Ndani alikuwa Mswidi. Anatabasamu! Mtu anayetabasamu kwenye kona ile ama hana akili ama hana mke.

Mashindano yenyewe yanaanza Alhamisi. Madereva wa nchi tisa. Siku tatu za vumbi na matope. Jumamosi watatoka Thomson's Falls, wapite Subukia, wapite hapa Kabazi, wamalizie Nakuru mjini.

Mimi sina haja na magari. Haja yangu ni meza. Bwana Makokha, mhariri wa gazeti la Habari za Bonde, anatafuta mwandishi mmoja wa kukaa ofisini Nakuru. Wamebaki watu wawili: mimi, Jelagat, mwalimu wa shule ya shamba, madarasa manne chumba kimoja, na Hiram, karani, kalamu tatu mfuko wa shati. Kila mmoja alete habari ya mashindano. Itakayompendeza zaidi mhariri, mwenyewe atapata meza.

Ina droo mbili. Nimeiona. Nisipoipata nitafundisha jedwali la saba mpaka nizeeke.

Jumatano, 4 Juni

Nimefikiri siku mbili bila kula vizuri. Tatizo ni hili: Hiram anakaa mjini, hatua mia moja kutoka mwisho wa mashindano, na ana baiskeli. Mimi niko mbali, na usafiri wangu ni lori la maziwa. Mshindi akifika, Hiram atakuwa amekwisha andika kabla sijajua.

Dawa: niandike kabla ya mshindi kufika.

Nimeandika leo watoto wakichora ramani ya Ziwa Naivasha. Kurasa nne. Kichwa: NAKURU YASHINDA! Maana lazima ishinde. Gari la Nakuru linaendeshwa na Bwana Gurdial, Kalasinga mwenye gereji karibu na stesheni, na anayekaa kando yake kusoma njia ni fundi wake Naftaly. Naftaly ni kaka wa Wamaitha, mwalimu mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja. Nani atawashinda watu waliozaliwa kwenye barabara hizi? Nimeweka machozi ya Bwana Gurdial. Nimeweka mama mmoja aliyezimia kwa furaha. Ni kazi nzuri sana.

Wamaitha aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia ni masomo ya juma lijalo. Kwa namna fulani ni kweli.

Ijumaa, 6 Juni

Jino likaniuma (halikuuma) na Wamaitha akabaki na madarasa yote manne. Nikapanda lori la maziwa. Nikampa Bwana Makokha bahasha iliyofungwa kwa lakiri, nikamwomba asiifungue kabla mashindano hayajaisha. Akaiweka droo ya chini, akafunga kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye soksi. Ndiyo desturi yake.

Hiram alikuwepo. Akaniuliza, Dada mwalimu, umeacha watoto wa watu wafundishwe na ng'ombe? Nikamjibu kwamba ng'ombe angalau hatembei na kalamu tatu akiwa na habari nusu. Mhariri akacheka. Nikatoka nikiwa mbele.

Nje, redio ya duka la nguo ilikuwa inatangaza. Mswidi anaongoza. Gari la Nakuru ni la pili, dakika moja nyuma.

Dakika moja! Na makala yangu imelala ndani ya droo, na ufunguo umo ndani ya soksi, na mguu umo ndani ya soksi hiyo hiyo.

Nilifikiri njia nzima ya kurudi, nimekaa juu ya debe la maziwa. Makala siwezi tena kuirekebisha. Kwa hiyo imebaki kurekebisha mashindano.

Na njia ipo! Lori likifa barabarani, dereva hufanya nini? Hukata matawi mabichi, huyapanga barabarani kuanzia mbali, moja, la pili, la tatu, ili anayekuja apunguze mwendo. Hakuna dereva asiyejua. Basi kesho nitapanga matawi kabla ya kona. Mswidi atayaona, atakanyaga breki, atakwenda polepole akilitafuta lori. Dakika yake hiyo imekwenda. Kati ya gari na gari wanaachiwa dakika tatu. Nitayaondoa upesi, Bwana Gurdial atapita kama upepo. Hakuna atakayeumia. Kinyume chake, nitampunguzia Mswidi hatari.

Nimepima kona kwa hatua. Nimeazima saa ya Wamaitha. Nimelala mchana nusu saa nikiwa na furaha.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaandika kwa utaratibu ili nisilie.

Saa saba na nusu mchana. Matawi saba, mabichi, mazuri, kila moja hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Mimi kichakani. Vumbi likaonekana upande wa Subukia. Gari jekundu. Mswidi akayaona matawi. Nikaona ameyaona!

Akapiga honi mara mbili, akatoa mkono dirishani, akapunga, akayapita yote saba bila kupunguza hata kidogo. Kokoto zikanipiga usoni.

Alidhani tumempambia njia! Huko kwao nani angemfundisha? Nimesoma miaka kumi na moja, nikafundishwa na kufundisha, na jambo hili halikunijia.

Nikaruka barabarani kuyaondoa. Nilikuwa nimeshika la tatu niliposikia ukelele. Mama Chepngeno na wenzake wawili wanatoka kuchuma pareto, vikapu mgongoni.

"Mwalimu! Unaondoa matawi na gari halijatolewa? Unataka watu wafe?"

Nikasema hakuna gari, mama. Akauliza kama hakuna gari, matawi yameletwa na nani. Swali zuri. Akasema ndiyo hasara ya kukaa na vitabu, mtu anasahau hata utu. Akaninyang'anya tawi, akalirudisha. Wenzake wakakata mengine, makubwa zaidi, kwa sababu yale niliyokata mimi waliyaona madogo. Yakawa kumi na mawili. Mama Chepngeno akavua kitambaa cha kichwa akaanza kupunga. Nikarudi kichakani. Sikuona la kufanya lingine.

Gari la Nakuru likafika. Lilipofika kwenye tawi la kwanza, breki. Kwenye la nne lilikuwa linatambaa. Kwenye la tisa likasimama kabisa, Naftaly akashuka, akaikunja kona kwa miguu akiangalia huku na huku.

Akarudi mbio. "Mama, lori liko wapi?"

Mama Chepngeno akamwambia liko chini huko, mwanangu, tena ni kubwa. Yeye hakuliona kwa macho, lakini angalia matawi yalivyo mengi!

Wakaenda polepole mpaka darajani, wakilitafuta.

Jioni shamba zima lilikuwa na habari. Mswidi wa kwanza. Nakuru wa pili, nyuma kwa sekunde kumi na moja. Na jambo ambalo sikulijua, maana nilikuwa kichakani na redio iko dukani: mpaka Thomson's Falls, Bwana Gurdial alikuwa amekwisha mpita Mswidi kwa hesabu ya saa, ingawa barabarani alikuwa nyuma yake. Alikuwa anaongoza! Angeachwa tu apite, angeshinda.

Nimeoga mara mbili. Kokoto moja bado iko sikioni.

Jumapili, 8 Juni

Naftaly alikuja baada ya kanisa kumsalimu dada yake. Nilimpa chai vikombe vitatu bila kuulizwa. Macho mekundu, vumbi bado kwenye nyusi. Alisema Bwana Gurdial alikuwa amemwahidi kwamba wakishinda, mwaka ujao usukani utakuwa wake, Naftaly. Sasa tajiri wake ananung'unika kwamba fundi ana moyo laini mno kwa mashindano.

Nikajiandaa kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Wamaitha akatangulia, akasema aliyeweka matawi yale amelaaniwa.

Naftaly akakataa. Akasema huenda ni mtu mwema, lori lilitolewa akasahau kuyaondoa. Mjomba wake alikufa Kuresoi kwa kugonga lori ambalo halikuwekewa hata jani moja. "Mimi nikiona matawi nitasimama," akasema. "Hata kesho. Hata niwe wa kwanza."

Nikammiminia kikombe cha nne.

Jumanne, 10 Juni

Jino tena. Wamaitha anasema mdomo wangu utakwisha meno.

Bwana Makokha alituita sote wawili. Akatoa ufunguo kwenye soksi, akafungua bahasha yangu, akasoma kwa sauti. NAKURU YASHINDA! Alipofika kwenye machozi ya Bwana Gurdial, Hiram alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Alipofika kwa mama aliyezimia, Hiram akaomba maji.

Nilitazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa ya mwezi wa Machi.

Lakini mhariri hakucheka. Alisema makala yangu ni uongo mtupu, ila mtu anaisoma mpaka mwisho. Ya Hiram ni kweli tupu, orodha ya namba za magari yote, na mke wa mhariri mwenyewe alilala nayo usoni. Akasema Nakuru nzima, sokoni, stesheni, kwa kinyozi, watu wanauliza jambo moja: nani aliweka matawi mahali ambapo hakuna lori lililokufa? Atakayemletea mtu huyo kabla ya Alhamisi saa sita mchana, meza ni yake.

Hiram alikuwa juu ya baiskeli kabla sijafunga mdomo.

Mimi ninamjua mtu huyo. Hakuna anayemjua zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Hiram amefika Kabazi! Alilala kwa binamu yake huko Bahati na leo asubuhi amemhoji mama Chepngeno. Mama amemweleza kwamba mwalimu alikuwepo, akiyaondoa matawi kwa ujinga wake, mpaka akazuiwa.

Hiram akaja shuleni. Nikajua nimekwisha. Akavua kofia, akaniita Mwalimu Jelagat, sauti ya sukari. Amefikiri, akasema, na ameona kwamba mtu anayeondoa matawi hawezi kuwa ndiye aliyeyaweka. Kwa hiyo mimi ni shahidi. Je, nilimwona mhalifu?

Nimempenda Hiram kwa dakika moja nzima.

Nikamwambia nilimwona. Mwanamume mnene, kofia ya majani, akikimbilia upande wa Subukia na panga mkononi. Hiram akaandika kwa kalamu zote tatu, moja baada ya nyingine, maana mbili zilikuwa zimekauka. Akaondoka akipiga kengele.

Kisha nikakaa na nafsi yangu. Kusema kweli yote ni kupoteza shule, na nyumba ya Wamaitha, na Naftaly asiniangalie tena. Kutosema ni kupoteza meza. Mtu aliyesoma hutafuta njia ya tatu.

Nimeipata. Nimemhoji mwenyewe aliyefanya, bila kumtaja jina!

Nilikaa kitandani na daftari mbili, moja ya maswali, moja ya majibu. Mwanzoni alikuwa mgumu, hakutaka kusema. Nikambana. Kurasa sita. Ni mwanamke kijana, mrefu, mwenye elimu, anayependa upweke, mkazi wa sehemu za Kabazi. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema anajuta kwa ajili ya fundi mmoja tu, na kwamba siku moja atamwambia kwa kinywa chake. Nililia kidogo katika jibu hilo. Ni bora kuliko machozi ya Bwana Gurdial.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeshinda! Bwana Makokha alisoma amesimama. Akasema hii sasa ni kazi. Hiram hakuonekana, inasemekana huko Subukia wanaume wanene wawili wamemfukuza na mapanga yao.

Meza ni yangu kuanzia tarehe moja. Nimekwisha kaa. Droo ya pili haifunguki, lakini ipo.

Sharti moja tu. Mhariri anataka picha ya mwanamke huyo iende pamoja na mahojiano, ukurasa wa kwanza. Akiona aibu, apigwe kwa nyuma, uso usionekane. Akauliza kama nitaweza kumshawishi.

Nimeweza. Saa nane nilikuwa studio, nimejifunga kitambaa cha Wamaitha, nimetazama ukuta. Aliyepigwa picha kwa nyuma hana sura, hakuna atakayemtambua. Mpiga picha akauliza nyuma ya picha aandike jina gani. Nikampa langu, kamili, pamoja na la shule, herufi kwa herufi, maana picha zisizo na jina hupotea huko kwenye kiwanda cha kuchapa gazeti. Nimeagiza tatu. Moja ni ya mama yangu, moja amepelekewa Naftaly pamoja na nakala ya mahojiano, ili ajue mwanamke yule anajuta kwa dhati. Na ya tatu nimeiacha mezani kwa Bwana Makokha, imelala kifudifudi, jina linasomeka vizuri.